Ini lina laini mbili

Niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini wiki hii akili yangu iko kwenye ini.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Karibu robo tatu hutoka matumboni kwa mshipa mkubwa, iliyobaki huja kwa ateri. Uvimbe wa saratani hunyonya karibu yote kutoka kwa ateri. Kwa hivyo daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya paja, akiangalia njia kwenye skrini ya eksirei, mpaka kwenye kitawi kinacholisha uvimbe. Humwaga dawa hapo, kisha huziba kwa chembechembe. Uvimbe unanyimwa chakula, ini linaishi kwa njia ile nyingine. Ni seva yenye laini mbili: unakata ile inayotumiwa na mwizi.

Uvimbe mmoja ulio chini ya sentimita 3 kwa kawaida hukatwa au huchomwa kwa sindano. Ikishindikana, huzibwa. Mwaka 2002 majaribio mawili, Barcelona na Hong Kong, yalionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri huongezewa maisha.

Shida ni kwamba saratani ikikaa sana huingia kwenye ule mshipa mkubwa. Laini ya pili inakufa. Ukikata ya kwanza, umezima seva.

Baba yangu mdogo aliuza mahindi hapa sokoni Karatina. Alipotoa damu aliambiwa ana virusi vya hepatitisi B, basi. Hakuna aliyemwambia apigwe picha ya altrasaundi kila miezi 6. Alirudi hospitali miaka 9 baadaye, macho ya njano, mshipa umeshaziba. Tulimzika baada ya wiki saba.

Wanasiasa wetu hupenda kuahidi mashine. Sipingi, Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2018 kufundishwa tiba za namna hii na wataalamu wa kigeni, na ni jambo zuri. Lakini mashine bila uvimbe mdogo itaziba nini? Kumkumbusha mtu kila miezi 6 ni namba ya simu, tarehe na SMS. Programu niliiandika jioni moja. Kilichonishinda ni orodha: majibu ya vipimo yamelala kwenye madaftari, na hakuna ofisa anayeona ni kazi yake kuyafuata.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Rika langu tulishazaliwa. Nilipimwa Jumatatu, sina virusi. Sindano ya pili ya chanjo ni mwezi ujao.