Walimu, tusiwacheke wanafunzi kwa lafudhi zao

Yapo makosa ya lugha ambayo mwalimu hana budi kuyasahihisha, na yapo mengine ambayo ni alama tu ya mahali mtu alikozaliwa. Lafudhi ni katika haya ya pili. La kusikitisha ni kwamba katika shule zetu nyingi za bara imegeuzwa kiboko.

Mwanafunzi Mkikuyu husema "rara" badala ya "lala" kwa sababu lugha yake ya mama haina sauti l. Mjaluo husema "sule" kwa kuwa Kijaluo hakina sh. Mkalenjin naye huenda akamwita babake "papa", kwani katika lugha yake tofauti ya p na b haibadilishi maana ya neno. Hakuna ugonjwa hapo. Tena Mkikuyu huyo huyo huitamka dh ya "dhahabu" bila taabu, maana sauti hiyo anayo nyumbani (ingawa huiandika th), ilhali baadhi ya wanaomcheka husema "zahabu" bila haya!

Msomaji asidhani kwamba napinga kicheko. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alituchekesha kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi akiwa Mzee Ojwang'. Alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na watazamaji wengi hawakujua kwamba yeye alikuwa Mkikuyu. Kwa nini kicheko kile hakikuwa na sumu? Nionavyo mimi, ni kwa sababu Ojwang' hakuwa mjinga wa kuonewa. Alikuwa mwenye nyumba, mjanja, mwepesi wa hasira, akigombana na mkewe Mama Kayai kama wagombanavyo wazee wa kila kabila. Lafudhi ilikuwa vazi lake tu; tulichokicheka ni ubinadamu wake, ambao ulikuwa pia wetu.

Darasani mambo ni kinyume. Niliwahi kushuhudia, katika shule moja ya upili, msichana wa kidato cha pili akisimama kutoa hoja katika mjadala. Alipotamka "sukrani", ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mwalimu aliyesimamia akalirudia neno lile kwa kuigiza. Msichana aliketi. Muhula mzima hakusimama tena, ingawa insha zake ziliendelea kuwa miongoni mwa zile bora.

Na hapo ndipo penye tatizo, kwani mtihani wa KCSE haukumdai zaidi ya hizo insha. Kiswahili kina karatasi tatu, yaani insha, lugha na fasihi, na zote huandikwa. Kifaransa na Kijerumani, lugha za ng'ambo, zina mtihani wa kuzungumza. Lugha yetu ya taifa haina. Mtu aweza kupata alama ya A bila kufungua kinywa, akatoka shuleni akiwa bubu wa lugha aliyoisoma miaka kumi na miwili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Na wasome Waamuzi, sura ya 12, ambapo Waefraimu walitakiwa kutamka "Shibolethi", wakasema "Sibolethi", nao wakauawa watu 42,000. Ni sh na s zile zile. Nchi iliyopitia machafuko ya mwaka wa 2007 na 2008 haifai kuwazoeza watoto kumpima mwenzao kwa ulimi wake.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu, mzaliwa wa Ukambani, ana dawa yake. Kila kidato kipya kinapoanza huandika ubaoni: "Wazee wamefika mahali pa kulipia mahari." Kisha huisoma yeye kwanza, kwa lafudhi ya kwao isiyo na r, hata wazee wakawa wamefika "mahali pa kulipia mahali". Darasa huangua kicheko, naye hucheka kuwashinda. Huwaeleza ulimi unapopaswa kugusa wakati wa l na wakati wa r, akajaribu tena, mara hii akapata. Kabla hajaweka chaki chini, mikono huwa imekwisha kuinuliwa, kila mmoja akitaka zamu yake.