TUTEMBEE, TUJIFUNZE: Ukifika Dar es Salaam, Usiishie Kariakoo



Watu wengi wa Mkoa wa Singida hufika Dar es Salaam. Wapo wanaopeleka kuku. Wapo wanaopeleka mafuta ya alizeti au vitunguu. Wapo wanaompeleka mgonjwa Muhimbili. Safari ni ndefu, karibu kilomita 700, na nauli si ndogo. Lakini wengi wetu tukimaliza shughuli hupita Kariakoo, tukanunua kitu, tukarudi nyumbani. Tukiulizwa mji ule una nini, tunajibu: una magari mengi na joto.

Mji ule una historia pia. Sehemu ya historia hiyo ni yako wewe wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Singida au Manyoni. Leo tutazame mahali patatu. Ukiamka mapema unaweza kupaona pote kwa siku moja.

SANAMU YA ASKARI

Panda gari la Posta. Ukishuka, uliza Sanamu ya Askari. Kila mtu anaijua. Imesimama katikati ya njia, pale barabara za Samora na Azikiwe zinapokutana. Ni sanamu ya shaba ya askari Mwafrika. Ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Kuitazama hakuna malipo.

Zamani hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Mwaka 1927 wakaiweka hii ya askari.

Sasa sogea karibu usome. Maandishi yako katika Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawakumbuka askari Waafrika wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Yanawakumbuka na wapagazi. Mpagazi alikuwa mtu wa kubeba mizigo ya jeshi: chakula, risasi na mahema. Wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Vita hivyo havikuwa vya mbali. Mwaka 1916 vilifika Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni ya leo. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kisha mvua ikakosekana. Katika nchi ya Ugogo, ambayo inaingia hadi Manyoni, ikaja njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920. Wagogo waliiita Mtunya.

Sanamu ile haina majina ya wapagazi. Majina hayo, kama bado yapo, yako kwa wazee wetu. Mzee akifariki kabla hatujamwuliza, jina nalo linazikwa.

MAKUMBUSHO YA TAIFA

Kutoka kwenye sanamu, tembea kwa miguu hadi Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Taifa. Ilifunguliwa mwaka 1940, wakati wa Waingereza, kwa jina la mfalme wao, George wa Tano. Leo ni nyumba ya Watanzania.

Hapo utajifunza habari za fuvu la kale sana. Mama Mary Leakey aliligundua huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wake ni karibu miaka 1,750,000. Utajifunza habari za Kilwa ya kale, biashara ya watumwa, ukoloni na uhuru. Ukifika kwenye habari za misafara ya watumwa na pembe za ndovu, kumbuka kwamba misafara hiyo ilipita Kilimatinde ikienda Bagamoyo.

KIJIJI CHA MAKUMBUSHO

Mahali pa tatu ni Kijitonyama, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo. Panda daladala, ushuke kituo kinachoitwa Makumbusho. Hapo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kwa miti, udongo na nyasi. Ndani mna vyombo vya nyumbani.

Huenda ukacheka na kusema: "Kinu na mtungi hata kwetu vipo!" Ni kweli. Lakini tazama kijijini kwako. Matembe yamebaki mangapi? Nyumba ya bati ni nzuri, na hakuna anayesema tuiache. Ila kama hakuna kijana anayejua tembe hujengwaje, basi siku moja mjukuu wako atalipa kiingilio mjini ili aone nyumba ya babu yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, usiogope mlango. Makumbusho si mahali pa wageni na wasomi peke yao. Uliza kiingilio cha raia. Ni kidogo kuliko cha wageni wa nje. Chukua kitambulisho chako.

Pili, usiguse vitu vilivyowekwa. Uliza kabla ya kupiga picha.

Tatu, fedha zako ziweke mfuko wa ndani. Mtu akijitolea kukutembeza bila wewe kumwomba, mwulize kwanza anataka nini.

Nne, chukua daftari na kalamu. Andika mambo matatu uliyosoma wewe mwenyewe. Ulijifunza kusoma ili usome vitu kama hivi, bila kungoja kusomewa. Ukirudi, wasomee wenzako darasani.

Na wewe ambaye huna safari, unayo kazi hapa hapa. Mwendee mzee mmoja wiki hii. Mwulize nani wa ukoo wenu alichukuliwa upagazi. Andika jina lake, kijiji alichotoka, na kama alirudi.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Mpagazi alikuwa nani?

2. Kwa nini vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilileta njaa?

3. Ni vitu gani vya kale vilivyobaki kijijini kwenu? Nani anavitunza?

4. Mzee yupi kijijini anazijua habari za zamani? Nani atakwenda kuziandika, na lini?