Taa ya Matumbawe si Taa ya Wageni

Mwezi wa Julai mjini Nyeri jua hupotea siku nyingi mfululizo, ukungu ukateremka kutoka Nyandarua, nasi watu wa pwani tukatembea na makoti kama wagonjwa. Katika baridi hiyo ndimo nilimomkuta mwana wa ndugu yangu, afanyaye biashara Majengo, amejitengenezea bahari. Ni sanduku la kioo la lita 60, lenye maji aliyoyachanganya na chumvi maalumu ya kufugia viumbe vya baharini, samaki wawili, na vipande vitano vya matumbawe alivyonunua Nairobi kwa pesa si haba.

"Ami, hebu tazama taa yangu," aliniambia. Nikaitazama. Ilikuwa nyeupe, kali, ya kutosha kumulika uwanja wa harusi. Muuzaji alimwambia kuwa taa ikizidi nguvu, matumbawe huzidi kustawi. Lakini matatu kati ya yale matano yalikuwa yamepauka.

Weupe ule naujua. Mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, wavuvi walinipitisha kwa mashua juu ya miamba ya Malindi, nikaona kule chini mfano wa makaburi yaliyopakwa chokaa upya. Sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa wakati ule. Kule sababu ilikuwa joto, huku Nyeri ni taa, lakini maradhi ni yale yale.

Tumbawe ni mnyama, ndugu msomaji, ijapokuwa wengi wetu twalijua kama jiwe la kujengea nyumba. Mwilini mwake hukaa vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, na vijimea hivyo hutumia mwanga kutengeneza chakula wanachogawana na mwenyeji wao. Rangi yake nayo, kwa kiasi kikubwa, yatokana navyo. Mwanga ukipungua mno, wote hushinda na njaa. Ukizidi ghafla, vijimea huanza kutoa sumu, na tumbawe huvitapika. Hapo hubaki nyama nyembamba juu ya kiunzi cheupe. Halijafa bado, ila linakufa njaa.

Basi taa ichaguliwe vipi? Maji ya bahari hula rangi za mwanga moja baada ya moja. Nyekundu hutangulia kupotea, katika mita chache tu, na buluu ndiyo ishukayo mbali. Kwa hiyo taa ifaayo ni ile nyeupe iliyoelemea buluu, ambayo kwa kipimo cha rangi ya mwanga ni kelvini 10,000 hadi 20,000, hali taa ya manjano ya nyumbani ni kama 2,700. Wala sanduku lenye kina cha sentimita 30 halihitaji taa ya kutisha. Taa ndogo ya LED inayoweza kupunguzwa nguvu yatosha, hasa kwa matumbawe laini, ambayo kwangu ndiyo ya kuanzia. Ianze kwa theluthi ya nguvu zake, ipandishwe kidogo kidogo kwa majuma.

Kijana alidhani taa kali, kwa vile Nyeri ni baridi, ingemsaidia pia kupasha maji moto. Hapana. Taa huzimwa usiku, na usiku ndipo Nyeri inapouma. Joto lina hita yake, ya kushika maji kwenye nyuzi 25 au 26 mchana na usiku.

Wako watakaosema jua la Mungu ni la bure, sanduku liwekwe dirishani. Kwa Nyeri sikubali. Julai litakosa mwanga, na Januari jua la dirishani litayachemsha maji machache yale. Urefu wa mchana si neno: Nanyuki, safari fupi kutoka hapo, iko juu ya ikweta, na saa zake za mchana ni kama za Malindi. Taa yataka saa 8 hadi 10 tu, ikiwashwa na kuzimwa na saa yake, si na mwenye nyumba. Hapa ndipo nilipogombana na kijana. Kila akija mgeni, taa ilikuwa ikiwaka hata usiku wa manane! Marijani yametajwa katika Surat Rahman miongoni mwa neema, na huku kwetu, katika hifadhi za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuokota hata kombe. Anayenunua kiumbe cha namna hiyo akakikesha kwa ajili ya kuwafurahisha wageni, mimi naona ni heri angetundika picha ukutani.

Tulibadilisha taa, tukayashusha matumbawe chini kabisa. Baada ya wiki sita alinipigia simu. Moja limeanza kurudi hudhurungi, moja limemeguka, la tatu lingali jeupe. Mkewe naye analalamika kuwa wageni wakikaa sebuleni nyuso zao huonekana za buluu, kama watu waliozama.