Kiti cha mfalme kilichotengenezwa Keko hakina aibu

Ingia kwenye nyumba mpya za Kigali, Kampala, Arusha au Goma siku hizi, utakaribishwa kwenye kiti chenye miguu iliyopinda, nakshi za maua mgongoni na rangi ya dhahabu. Ukikisifu, mwenye nyumba atakwambia ni antiki kutoka Ulaya. Mara nyingi si antiki, na mara nyingi hakijawahi kuiona Ulaya. Sina ugomvi na kiti hicho. Ugomvi wangu ni neno lililotumika kukiuza, kwa sababu neno hilo linakula mitaji ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka.

Sokoni sasa kila kitu chenye vumbi ni antiki. Forodha hawahesabu hivyo. Kwao antiki ni kitu chenye umri unaozidi miaka 100, na kina namba yake ya ushuru, 9706. Kabati la mwaka 1965 lililonunuliwa kwenye mnada wa mzungu anayehama ni samani iliyotumika, basi. Litawekwa kwenye sura ya 94, pamoja na makochi yaliyotoka kiwandani jana. Na mwenye kuthibitisha umri ni wewe mwenye mzigo. Ofisa wa Namanga au Busia hana kazi ya kukutafutia karatasi za babu yake muuzaji.

Tuzungumze fedha, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja, asilimia 35, na samani zimo ndani yake. Chukua mzigo wa makochi ya mtindo wa Kifaransa kutoka nje ya Jumuiya, ambao thamani yake pamoja na bima na nauli mpaka bandarini ni sh milioni 10. Ushuru ni sh milioni 3.5. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kama ilivyo Tanzania, Uganda na Rwanda, inapigwa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani sh milioni 2.43 nyingine. Umefika sh milioni 15.93 kabla ya tozo ndogondogo, wakala, ghala na lori. Mzigo wa thamani hiyohiyo uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na wenye cheti cha asili haulipi ushuru wa forodha. Unalipa kodi ya ongezeko la thamani, unasimama kwenye sh milioni 11.8. Tofauti ni zaidi ya sh milioni 4, na mnunuzi anayekalia kiti hicho hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Kuna mtego mwingine ambao wengi wanauingia wakiwa macho wazi. Seti nyingi za kifalme zinazouzwa katika ukanda wetu hutoka Misri, na mji wa Damietta umejijengea jina kwa kutengeneza samani za mtindo wa Ufaransa. Misri ni mwanachama wa COMESA, Kenya pia. Kwa hiyo seti yenye cheti cha COMESA inaweza kuingia Nairobi bila ushuru wa forodha, ikauzwa kwa bei inayovutia. Mfanyabiashara wa Arusha anaiona, anapiga hesabu ya nauli tu, anaipakia. Akifika Namanga anaambiwa Tanzania haimo COMESA, ilijitoa mwaka 2000. Kile cheti hakina kazi upande wa pili wa kituo kilekile, na ushuru wa Jumuiya unadaiwa. Kununuliwa Kenya hakukukifanya kiti kuwa cha Kenya. Ofisa hapo hajakuonea. Lakini serikali zetu nazo zina lao: zimejenga kituo kimoja cha mpakani, paa moja, madirisha yanayotazamana, halafu zikaacha kanuni mbili zisizosemezana chini ya paa hilo, wala hakuna bango la kumwonya mwenye mzigo kabla hajalipa nauli.

Na antiki halisi nayo je? Ipo, na ina wateja wake. Lakini kabla hujaikimbilia, ikague kwa mkono wako mwenyewe. Geuza kiti, tazama chini. Skrubu ya nyota ilipata hataza Marekani mwaka 1936. Kiti kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1780 na kimekazwa kwa skrubu za nyota tangu mwanzo kinakudanganya, au kimefanyiwa matengenezo ambayo muuzaji hakuyasema. Vuta droo, angalia meno ya maungio: yaliyokatwa kwa msumeno wa mkono hayalingani sawasawa. Pima meza ya duara kwa futi, mara mbili, kwa kufuata uzi wa mbao na kwa kuukata. Mbao husinyaa upande mmoja kuliko mwingine, hivyo meza ya zamani sana mara nyingi si duara kamili tena. Mikwaruzo peke yake si ushahidi. Kijana mwenye mnyororo, chai ya rangi na kiwi ya viatu anaweza kukizeesha kiti miaka 100 kati ya asubuhi na adhuhuri.

Kisha uliza kimetengenezwa na nini. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Samani za fahari za Ulaya zilipambwa kwa njumu, na njumu nyingi zilikuwa za pembe za ndovu. Zile zinazoitwa kwa jina la Boulle, fundi wa mfalme Louis XIV, zilifunikwa kwa shaba na gamba la ng'amba. Hata piano ya kale ina pembe kwenye vibao vyake vya kupigia, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka huku kwetu, ikapitia Zanzibar katika karne ya 19 mpaka kwenye viwanda vya Connecticut, Marekani. Mkataba wa CITES uliamua kufunga biashara ya kimataifa ya pembe mwaka 1989. Uingereza, ambako vitu hivi vinauzwa minadani, ina sheria yake ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inayokataza kuviuza isipokuwa kwa misamaha michache. Mtu anayebeba kisanduku cha njumu za pembe kutoka Mombasa kwenda Moshi akidhani amebeba pambo la meza, amebeba kesi ya nyara.

Hata kisicho na pembe kina masharti. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi, ya mwaka 2006, inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, ukiacha vitabu na nyaraka, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Soma tena hapo penye kuingizwa. Saa ya ukutani ya Kiingereza iliyoshushwa Mombasa mwaka 1890 ni urithi wa Kenya, na kuitoa nje kunahitaji kibali. Milango ya nakshi ya Kiafrika au ya mashariki ina ulinzi wake: Kenya iliyochongwa kabla ya 1946, Tanzania Bara kabla ya 1940. Ninataja milango kwa sababu wateja wanaopamba nyumba kwa vitu vya Ulaya sasa wanapenda kuchanganya, meza ya Victoria na mlango wa Lamu uliogeuzwa kuwa meza ya kioo. Mlango huo ukichongwa mwaka huu kwa mkono wa fundi, ni biashara safi. Ukingolewa kwenye nyumba ya mtu ni habari nyingine.

Nimeshasikia hoja kwamba huu wote ni utumwa wa akili, kwa nini Mwafrika akae kwenye kiti cha Louis. Hoja hiyo hainishawishi sana. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anaeleza vyumba vya Zanzibar vilivyojaa vioo vikubwa, saa na vyombo vya kaure kutoka Ulaya vilivyopangwa kwenye zidaka za ukuta. Nyumba hizohizo zilikuwa na vitanda vya samadari kutoka India. Thomas Chippendale wa London, ambaye jina lake leo ni kama muhuri wa Uingereza, alichapa mwaka 1754 kitabu cha michoro ya samani, na ndani yake aliweka waziwazi mitindo ya Kichina. Kitabu kile kiliuzwa ili mafundi wengine waige. Hata mbao iliyowapa sifa mafundi wa Uingereza wa wakati ule, mahogani, ilitoka Karibiani na Amerika ya Kati. Kwa hiyo fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayetazama picha kwenye simu na kuchonga mguu uliopinda anafuata desturi ya muda mrefu kuliko umri wa nchi zetu.

Tena kazi yake mara nyingi inaifaa nyumba yetu zaidi. Samani nyingi za kale za Ulaya ni mbao hafifu iliyofunikwa kwa ubao mwembamba wa mbao ghali, ukabandikwa kwa gundi ya ngozi za wanyama. Ipeleke Tanga au Mombasa, joto na unyevu vikishikana, ule ubao unaanza kujikunja kama jani. Mchwa na fukusi nao hawajui thamani ya antiki. Mvule na mtiki vinavumilia. Mteja wa Bujumbura anayetaka sebule yenye sura ya Paris ana sababu nzuri ya kununua sura hiyo ikiwa imechongwa kwenye mvule.

Wanachokosea mafundi wetu, na wasinikasirikie, ni usafirishaji. Seti ya kifalme inapakiwa nzima nzima, miguu hewani, na lori linabeba upepo. Mwaka 1859 kampuni ya Thonet ya Austria ilitoa kiti namba 14, kile chepesi cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, ambacho bado utakiona kwenye hoteli na mikahawa mingi duniani. Kilikuwa vipande sita, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikaunganishwa kule vilikofika. Kufikia 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50. Fundi wa Keko, wa Gikomba au wa Nsambya anaweza kuufanya mguu wa Louis ufunguke na kufungwa kwa boliti. Ni kazi ya siku chache kujifunza, na nauli ya kwenda Kigali inashuka mara moja.

Jambo jingine la mbao wachache wanalijua. Novemba 2022, katika mkutano wa CITES uliofanyika Panama, mininga ya Afrika, mkongo na jamii ya mahogani ya Afrika viliwekwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa vibali. Udhibiti huo unagusa magogo, mbao zilizopasuliwa, veniya, plaiwudi na mbao zilizorandwa kwa umbo maalumu. Kiti kilichokamilika hakimo. Yaani anayevusha mbao za mninga anahitaji kibali cha CITES, anayevusha kiti cha mninga hakihitaji, ingawa sheria za misitu za nchi yake bado zinamhusu na risiti ya mbao lazima awe nayo. Kwa mara moja kanuni za dunia zimempendelea seremala kuliko mkata magogo, nasi tunaendelea kuuza mbao na kununua viti.

Mwenye mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani, mradi bidhaa yake imo kwenye orodha iliyobandikwa kituoni. Aulize kabla ya kupakia.

Ninachodai kwa upande wa serikali ni kidogo na hakihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Risiti ya samani inayovuka mpaka iandikwe mambo manne: ni nakala au ni ya kale, mwaka iliotengenezwa, aina ya mbao, na jina la karakana. Risiti hiyo itambuliwe vituo vyote, kutoka Malaba mpaka Rusumo. Muuzaji akiandika "ya kale" na si ya kale, awe amesaini ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kwa upande wa wafanyabiashara, msingoje serikali. Andikeni leo, kwa mkono, kwenye kitabu cha risiti cha kawaida: kochi mtindo wa Louis XV, nakala, mvule, Keko, pamoja na mwaka na namba ya simu ya fundi. Mteja wa Bujumbura atajua amenunua nini, na mguu ukilegea atajua ampigie nani.