Rangi Katika Vyakula vya Watoto

Mzazi wa Unguja au Pemba anayemkataza mtoto wake asiyetulia ubuyu wa rangi na peremende hafanyi upuuzi. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi wa watoto wa miaka 3 katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Wazazi waliona utundu ukizidi watoto waliponyweshwa rangi za viwandani na dawa ya kuhifadhi vyakula, ijapokuwa vipimo vya wataalamu havikuonyesha hivyo. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya umeamuru vyakula vyenye rangi 6 zilizotajwa vibandikwe onyo.

Hata hivyo, chakula hakishiki nafasi ya daktari. Tunaiomba Serikali ihakikishe kila rangi inatajwa kwa Kiswahili, hata kwenye pakiti ya ubuyu, mzazi ajue anachokikataza.