Mapumziko ya Wananchi Si Anasa

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia karafuu, bandari, bei ya unga na wajibu wa watumishi wa umma. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya wakubwa huliona dogo, nalo ni mapumziko ya wananchi: matembezi ya jioni, mpira, ngoma, muziki na picha za sinema, mambo ambayo baba, mama, watoto na marafiki huyafurahia pamoja baada ya kazi. Tunalizungumza kwa mfano wa mahali palipo mbali sana na pwani yetu, yaani Wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza kwa haki: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu undugu wetu na watu wa huko si wa jana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani hii walikuwa na makazi yao Kafuro, katika nchi ya Karagwe, chini ya hifadhi ya Omukama Rumanyika, yule yule aliyewapokea Waingereza Speke na Grant mwezi Novemba 1861. Na pale majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, walioitikia wito wa kuilinda nchi walitoka Bara na Visiwani. Tukiweza kushirikiana katika vita, hapana sababu ya kushindwa kuulizana habari wakati wa amani, hata kama habari zenyewe ni za ngoma na mpira.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipopewa hadhi yake mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na wenyeji wake wengi ni Wanyambo. Mkulima wa huko haanzi mapumziko yake kwenye jumba la fahari. Huanzia nyumbani, kwa mgeni kupewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwao ni ishara ya ukarimu kama ilivyo halua na kahawa ya birika kwetu. Huendelea siku ya gulio, ambapo watu hutoka vijijini wakiwa na mikungu ya ndizi juu ya baiskeli, lakini si wote waliokuja kuuza. Wengine wamekuja kuonana na mashemeji, kutazama nguo, kusikiliza muziki kwenye vipaza sauti na kujua timu yao ya Simba au Yanga imeamkaje. Na majira ya senene yanapofika, familia nzima hutoka usiku kwenda kuwakamata penye taa, watoto wakicheka na wazee wakisimulia. Hiyo ni burudani iliyo kamili, nayo haina kiingilio.

Jua linapozama, hata hivyo, mambo hubadilika. Katika njiapanda ya Omurushaka, na katika miji midogo iliyo kando ya barabara ya kwenda Nkwenda hadi Murongo mpakani, panapotawala jioni ni vibanda vya video, ambavyo wananchi wenyewe, kwa utani wao, huviita vibanda umiza. Humo mna mabenchi, televisheni na king'amuzi. Huonyeshwa mpira wa Ulaya, na siku isiyo na mpira huonyeshwa picha za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili na msimulizi. Kazi hiyo ya usimulizi ilistawi kwanza kwa jirani zetu wa Uganda, kisha ikashika mizizi kwetu kwa juhudi za watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Hatuna nia ya kuwadharau wasimulizi hawa. Mtu anayeichukua picha ya Hong Kong au Marekani na kumfanya mkulima wa migomba aielewe na kuicheka kwa lugha ya taifa anaitumikia lugha hiyo, hata kama hana cheti cha chuo.

Lakini tulipoingia katika kibanda kimojawapo, jambo moja lilitushitua. Mabenchi yalijaa vijana na wanaume wa makamo, na wanawake tuliowaona walikuwa wawili tu, mmoja muuza karanga na mwingine mke wa mwenye kibanda. Tulipouliza akina mama wako wapi, kijana mmoja alitujibu kwa adabu kabisa: "Mzee, mama ana kazi nyumbani." Jibu hilo lina ukweli mwingi kuliko msemaji alivyokusudia. Huyo mama ameamka kabla ya mumewe, amepalilia mgomba ule ule, amechuma kahawa ile ile, kisha fedha ya kahawa imegawanywa sehemu mbili: moja ya chumvi na ada za nyumbani, nyingine ya mapumziko ya mtu mmoja. Hili ndilo jambo tunalotaka viongozi walitazame. Swali kwetu si kama wananchi wapumzike au wasipumzike. Swali ni nani anayepumzika, na nani anayelipia mapumziko hayo kwa jasho lake bila ya kuonja.

Tunajua kwamba wako maafisa ambao dawa yao ni kufuli. Husema vibanda vifungwe, vijana warudi shambani, na ngoma za usiku zikomeshwe. Hatuwalaumu kwa kuwa na hofu. Kagera ndio mkoa ulioripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na kizazi kizima kilizika jamaa zake. Mzazi aliyepitia miaka ile hawezi kusikia ngoma ya usiku kwa sikio jepesi. Wala si uongo kwamba wako wanafunzi wanaokimbilia vibandani saa za masomo. Pamoja na hayo, kufuli halijapata kumfundisha mtu adabu. Ukifunga kibanda kinachoonekana, unafungua kilabu cha pombe kisichoonekana, na mtoto uliyemtoa penye mpira utamkuta penye gongo.

Visiwa vyetu vina somo la kutoa katika jambo hili. Wazee wetu wanakumbuka majumba ya sinema ya mjini Unguja katika miaka ya 1950 na 1960, jinsi picha za Kihindi zilivyowatoa watu majumbani. Nako kulikuwa na tatizo hili hili la heshima na nafasi ya mwanamke. Wenye majumba hawakuyafunga. Waliweka maonyesho ya wanawake peke yao, na akina mama waliokuwa hawatoki walitoka kwa makundi, wakiwa na mabinti zao na mashoga zao, wakaona, wakalia na kucheka, wakarudi nyumbani na hadithi ya wiki nzima. Aidha, televisheni ilipoanza Zanzibar katika miaka ya 1970, watu wengi waliitazama pamoja, si kila mmoja chumbani kwake. Na hata leo, anayefika Forodhani jioni ataona baba, mama na watoto wakitembea bila ya kutozwa kitu. Haya hayakujileta yenyewe. Kila moja kati yake lilitokana na uamuzi wa mtu kwamba raha ya wengi ina haki ya kupewa saa yake na mahali pake.

Mahali ndipo penye kisa kinachotusikitisha. Katika kijiji kimoja cha eneo hilo, ambacho hatutakitaja kwa sababu shauri lake bado linaweza kumalizwa kindugu, wazee walituonyesha palipokuwa kiwanja cha mpira. Hapo ndipo vijana walipochezea, ndipo ngoma za harusi ziliposimama, na ndipo mkutano wa hadhara ulipokutana. Sasa pana safu ya vibanda vya biashara. Kiwanja kiligawanywa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na sababu yake nzuri, hadi siku watoto walipofika na mpira wao wa matambara wakakosa pa kuupigia. Watoto hao sasa huchezea barabarani. Tuliwatazama wakisubiri lori lipite ndipo waendelee, na hatukuona aliyekuwa akiwahurumia isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akiwaangalizia magari.

Sheria haikukaa kimya juu ya jambo kama hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila ya idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kadhalika vibanda vya video haviko nje ya sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inadai kibali cha kuonyeshea picha, na inaweka bodi hadi ngazi ya wilaya. Kinachokosekana ni kiongozi wa kuzishika sheria hizi kwa mkono wa kujenga. Bodi inayokumbukwa siku ya kutoza faini peke yake haijatimiza wajibu wake.

Wako wanaosema kwamba utamaduni wa asili umekufa na vijana wamepotea katika muziki wa simu. Tunawaomba waitazame njia uliyopita wimbo mmoja tu. Mapema katika miaka ya 2000, Saida Karoli, binti wa Kagera, aliimba kwa lugha ya kwao wimbo ambao nchi nzima iliuita "Chambua Kama Karanga". Watu wa Mtwara na wa Pemba waliucheza bila ya kuelewa hata nusu ya maneno yake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautumia kujengea wimbo wao "Salome", na kijana aliyekuwa hajazaliwa wa kwanza ulipotoka akaujua wa pili kwa simu yake. Hapo bibi na mjukuu wanakutana: mmoja anaujua mzizi, mwingine anaujua mti. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na kumtunza si lazima iwe kwa fedha tu. Kumbukumbu nayo ni tunzo.

Kwa sababu hiyo tunazithamini redio za jamii, kama vile FADECO ya Karagwe, ambazo zinamfikia mkulima akiwa bado ameshika jembe. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitafiti sanaa ya wapiga nanga wa Kagera, wale wanaosimulia matendo ya mashujaa kwa sauti na nyuzi, akaionyesha dunia kwamba ni utendi kamili. Ingekuwa aibu utendi huo ujulikane vyuoni na usisikike tena Kayanga. Mzee mmoja wa nanga, akipewa nusu saa redioni kila juma na wajukuu wakaalikwa kumuuliza maswali, ni shule isiyohitaji tofali hata moja.

Tuseme pia habari ya matembezi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya wilaya hizi yalipandishwa hadhi yakawa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Kyerwa ina chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Stanley alizifikia mwaka 1876 akakuta wenyeji wakiyaamini maji yake kwa tiba. Haya ni mali ya taifa, na mgeni kutoka ng'ambo anakaribishwa. Lakini mtoto wa Kyerwa asiyepata kumwona mnyama wa hifadhi iliyo nyuma ya kilima chao, isipokuwa katika picha, ana haki ya kuuliza hifadhi hiyo inahifadhiwa kwa ajili ya nani. Mgeni wa kwanza wa hifadhi ya taifa hana budi kuwa mwananchi jirani yake, maana ndiye atakayeilinda au kuihujumu.

Kwa hiyo tunatoa rai ifuatayo kwa viongozi wa Chama na Serikali, wa huko na wa kwetu. Kwanza, kila kijiji kipime kiwanja chake cha wazi, kikiandikishe na kukilinda kupitia Mkutano Mkuu, na palipoporwa shauri lifunguliwe upya. Pili, vibanda vya video vipewe vibali kwa masharti yanayoeleweka: mtoto asiingie saa za masomo, milango iwe miwili, na angalau jioni moja kwa juma itengwe kwa akina mama na familia. Tatu, shule na hifadhi zipange siku za matembezi, ili mwalimu asibebe mzigo huo peke yake. Nne, maafisa utamaduni wa wilaya watoke ofisini, wawarekodi wazee wa ngoma na nanga kabla kifo hakijawatangulia.

Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Mwalimu Nyerere, siku ya tarehe 10 Desemba 1962, alipokuwa akianza kazi ya Urais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo, barabara hazikuwepo na madaktari walikuwa wa kuhesabu. Hata hivyo hakuuona utamaduni kuwa jambo la kungojea utajiri.

Nasi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mapema kwamba mwili una haki yake, na jamaa wana haki yao. Mama wa Omurushaka ni mmoja wa hao jamaa. Siku atakapofunga mlango wake jioni, akamshika binti yake mkono, akaenda kutazama picha au kusikiliza nanga kisha akarudi salama, ndipo tutakapokubali kwamba wilaya ile imeendelea. Kabla ya siku hiyo, takwimu za kahawa zitakuwa zimetueleza nusu tu ya habari.