Bwawa moja, samaki wa aina moja: tutafika?

Majuma mawili yaliyopita, baada ya swala ya Alasiri, nilipita kwenye bwawa la kikundi cha vijana nyuma ya mikoko, huku kwetu Kilifi. Lilichimbwa kwa pesa za wafadhili miaka kadhaa nyuma, likafunguliwa kwa hotuba na soda. Sasa maji yafika vifundoni, na samaki hamna. "Vifaranga havikuja tena, kaka," aliniambia kijana niliyemkuta. Waliwekewa mwatiko peke yake, wakavuna mara moja, na wangali wasubiri.

Sina neno na mwatiko. Hula utando wa kijani unaoota chini ya bwawa, kwa hivyo chakula chake si ghali. Lakini vifaranga vyake twaviokota baharini, tena kwa msimu. Kutegemeza riziki ya kikundi kizima kwa samaki huyo mmoja ni kucheza kamari, na kamari twajua hukumu yake.

Wenzetu wa Unguja walijaribu njia nyingine huko Makoba. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walifuga samaki, na maji machafu yanayotoka bwawani wakayapitisha kwenye mwani. Kinyesi cha samaki kikawa mbolea, na maji yakarudi baharini yakiwa na uchafu kidogo. Ila si kila mwani ulikubali. Ulva na Gracilaria ilikua vizuri. Spinosamu, ule ambao akina mama wa Kibuyuni huanika na kuuza, ulidhoofika. Huo ndio ujuzi ambao ofisa akija na karatasi zake hatuelezi.

Na mtu asidhani kuchanganya ni kutia kila kiumbe majini. Kaa wa matope ukimwachia bwawani atakula samaki, kisha ageukie kaa wenziwe. Ndiyo maana wafugaji wetu humtia kila mmoja kwenye chumba chake ndani ya kizimba kando ya mikoko, wakamlisha matumbo ya samaki na mabaki mengine. Mwatiko ukichelewa, kaa aliyenona ana mteja hotelini.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 100 kwa mradi wa KEMFSED, wa uvuvi na maisha ya watu wa Pwani. Bwawa nililolitaja ni la kabla ya hapo, silihesabu kwao. Lakini mkopo ni deni, na deni hilo litalipwa na watoto wetu. Kwangu mimi, shilingi ya kwanza ingefaa iende kwenye kutotolesha vifaranga hapa hapa Pwani, kabla ya jembe lolote kugusa udongo.

Vikundi mnaoandika maombi sasa, ulizeni vifaranga vitatoka wapi awamu ya pili na ya tatu, na jibu liandikwe kwenye mkataba kabla hamjatia sahihi.